Hajaachwa, ametengana

"Mimi sijaachwa, tumetengana tu." Mama mmoja alimkatiza hivyo shoga yake ndani ya daladala ya Mbagala, hadi konda akasahau kudai nauli. Na mama alikuwa sahihi. Kwa Sheria ya Ndoa ya 1971, waliotengana bado ni mume na mke, hata kama mmoja kahamia Mwananyamala na mwingine kabaki Tandika. Kinachovunja ndoa ni talaka.

Neno talaka tumelipata kwa Waarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kufungua na kuachilia, kama ngamia anayefunguliwa kamba. Waingereza lao walilitoa Kilatini: kila mtu kugeukia upande wake. Sisi tuna "acha", na hapo sarufi inachongea watu: mume huacha, mke huachwa, au huachika. "Wameachana" angalau hugawa lawama nusu kwa nusu. Mimi nalipenda.

Ila ukienda Kituo Jumuishi cha Temeke, kinachosikiliza mirathi na mashauri ya ndoa, usiseme "tumeachana" ukanyamaza. Sema unaomba kutengana au talaka. Hizo ni amri mbili tofauti.