Mtu, Akaunti na Taasisi: Funzo la Mazimbu

Istilahi za programu huria za mtandaoni zatudai tutenganishe mambo matatu: mtu, akaunti na taasisi. Historia ya Mazimbu, Morogoro, yaonyesha sababu.

Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini shamba la mkonge lililoachwa. Hapo pakajengwa chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Wakimbizi wengi walijificha kwa majina ya bandia: mtu mmoja, majina mawili. Mwaka 1992 ANC iliikabidhi Mazimbu kwa Serikali, nayo ikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Mahali hapakubadilika; mwenye mali ndiye aliyebadilika.

Kumbukumbu zilizofungwa kwenye jina moja hupotea jina linapobadilika. Ndiyo maana katika DHIS2, programu huria ya takwimu za afya itumikayo nchini, mtumiaji huandikwa peke yake, kisha huunganishwa na kituo, wilaya au mkoa wake.

Kwa hiyo twapendekeza: "akaunti" iwe idhini ya kuingia, wala si mtu, "taasisi" iwe mmiliki wa kumbukumbu, na "uanachama" uwe kiungo chenye mwanzo na mwisho. Mfasiri aziitaye zote "mtumiaji" aweza kumnyima mtu haki yake.