Bukta, Raba na Ufunguo wa Ghala

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya historia ya mbio, akikumbuka kwamba nilipokuwa shuleni sikukosa kushika nafasi ya nne au ya tano kila mwaka. Nitaandika, lakini si juu ya medali. Nitaandika juu ya bukta, raba na funguo, maana mbio nyingi, hasa za sisi tuliopita miaka 40, huharibikia hapo.

Wanafunzi mliopo sasa mjue kwamba sisi wa miaka ya 1990 tulikimbia mchakamchaka hatuna kitu. Saa 11 alfajiri filimbi ililia, na tukatoka bwenini huku upepo wa Singida ukitupiga usoni. Wengine walikuwa peku, wengine wamevaa katambuga. Ufunguo tuliokuwa nao ulikuwa mmoja tu, wa tranka, nao tuliuvaa shingoni kwa uzi. Ukipotea, ulivunja kufuli kwa jiwe, na mawe Singida hayajawahi kuadimika. Hasara ilikuwa yako peke yako: sukari nusu kilo na kipande cha sabuni.

Tusidhani kwamba misukosuko ya mavazi ni ya wanyonge tu. Mwaka 1904, katika mbio za marathoni za Olimpiki zilizofanyika Saint Louis, Marekani, alitokea Mkuba mmoja aitwaye Félix Carvajal. Kazi yake ilikuwa kupeleka barua, yaani mtu wa ofisi kama sisi. Alifika mahali pa kuanzia mbio amevaa suruali ndefu na viatu vya kutembelea mjini. Suruali ikakatwa magotini papo hapo, akakimbia, na akamaliza wa nne.

Mwaka 1960 mjini Roma, Abebe Bikila wa Ethiopia aliona viatu alivyopata havimkai vizuri. Akaviacha, akakimbia peku kilomita 42 na ushei, akashinda kwa saa 2 dakika 15 na sekunde 16. Miaka minne baadaye, Tokyo, alivaa viatu na akashinda tena. Basi haikuwa peku iliyompa ushindi, wala viatu. Alijua kipi kinamfaa miguuni siku ile.

Hali kadhalika, Septemba 2015 mjini Berlin, jirani yetu Eliud Kipchoge wa Kenya alianza kukimbia, na mbio zikiwa bado changa soli za ndani za viatu vyake vyote viwili zikachomoka na kuning'inia nje kama ndimi. Hakusimama. Alishinda kwa saa 2 na dakika 4 kamili, mguu ukiwa umechubuka.

Nasi wa Singida tunao ushuhuda wetu wa jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuamua mambo makubwa. Tarehe 15 Septemba 2025, Tokyo, ndugu yetu Alphonce Simbu, mzaliwa wa Mampando wilayani Ikungi, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, wa kwanza kwa Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu 3 za 100 za sekunde. Kamba ya kiatu ikilegea mara moja tu, muda huo umekwisha.

Sasa tuje kwa sisi wakongwe. Mwaka 1975, mjini Toronto, Kanada, yalifanyika mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha kwa wenye umri mkubwa, kwa hiyo mtu mzima kukimbia si kichekesho. Vichekesho huletwa na mavazi. Kitambi kimeongezeka lakini bukta ni ile ile. Nimemwona mwenzangu mmoja, ofisa mwenye heshima zake, lastiki ikimkatikia mbele ya umati, akamaliza mita 400 ameshika kiuno kwa mikono miwili. Mwingine alikimbia na fulana aliyoigeuza ndani nje, namba ikiwa mgongoni upande usioonekana. Tulicheka, naye akacheka.

Langu mimi halikuchekesha.

Desemba 2021 nilikuwa na dhamana ya ghala la mbegu za alizeti. Ufunguo wa ghala nilikuwa nimeuweka katika pete moja na ufunguo wa nyumba yangu. Alfajiri nikafunga mlango wangu, nikatia funguo mfukoni mwa bukta, nikaenda kukimbia kandokando ya Ziwa Singidani. Niliporudi, mfukoni palikuwa na tundu tu. Nilirudia njia yote kwa miguu, nimeinama kama mtu aokotaye kuni, nisione kitu.

Saa 2 asubuhi wakulima walikuwa wamekwisha kufika, wengine wametembea tangu usiku. Mvua ilikuwa imenyesha jana yake, na kila mmoja alitaka kuwahi unyevu shambani. Lakini kufuli la serikali halivunjwi kwa jiwe kama la tranka. Ilibidi atafutwe mkubwa wangu, waitwe mashahidi, iandikwe karatasi. Ghala lilifunguliwa saa 7 mchana. Mama mmoja mtu mzima, akijitwika mfuko wake, aliniambia bila hasira, "Mwanangu, mvua haingoji ufunguo." Ningefurahi zaidi kama angenitukana.

Siku ya tatu mtoto mchunga mbuzi aliziokota funguo zangu chini ya jabali, pale niliposimama kufunga kamba za raba. Kufuli lilikuwa limekwisha kubadilishwa.

Tangu siku ile nimeelewa tofauti ya mkimbiaji kijana na mkimbiaji mtu mzima. Si magoti wala pumzi. Kijana akipoteza ufunguo, hupoteza chake. Mtu mzima hukimbia akiwa amebeba vya watu. Tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana, nami nadhani dhamana hiyo huonekana zaidi kwenye ufunguo kuliko kwenye kiti.

Siku hizi ufunguo wa ofisi hulala ofisini, kwa saini. Wa nyumbani nauvaa shingoni kwa uzi, kama zamani, na bukta naikagua usiku kabla ya kulala. Ndugu zangu tutakaokutana kwenye mbio za wazee siku ya mkutano wetu, nawaombeni mfanye hivyo hivyo. Na ninyi wanafunzi, kimbieni sasa mngali wepesi, maana funguo zinakuja.