Mngurumo wa Subaru umetoka wapi?

Vijana wenzetu, hapa Kakuma Subaru inasikika kabla haijaonekana. Wale wetu wanaojifunza ufundi gereji wanasikia ombi moja kila mara: "Nifungie ekzosi ya kelele." Basi tuijue kwanza historia ya hiyo kelele.

Subaru ni jina la Kijapani la zile nyota ambazo Waswahili wanaziita Kilimia. Gari lao la Impreza lilitoka mwaka 1992. Lilikuwa gari la kawaida la familia, ila aina ya WRX iliwekewa tabo. Tabo yenyewe ni wazo la zamani, Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni, na feni inasukuma hewa nyingi zaidi irudi ndani. Injini ndogo inapata nguvu ya injini kubwa.

Sifa ilikuja na mashindano. Mwaka 1995 Colin McRae alikuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari za rali akiwa na Impreza. Hapa Kenya, McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza. Watu walioliona likipita kwenye vumbi walitaka na wao lao, hata kama ni la mtumba kutoka Japani.

Sasa ule mlio. Silinda za Subaru zimelala, mbili kushoto, mbili kulia. Kwenye zile za zamani mabomba ya moshi hayalingani urefu, kwa hiyo moshi wa upande mmoja unachelewa kufika kwa tabo. Ndiyo maana inanguruma kwa kukatakata. Kumbe mlio unaanzia mbele, sailensa ya nyuma inaufunika tu.

Na ile milipuko, pa! pa!? Kwenye rali mafuta yalichomwa makusudi ndani ya ekzosi, ili tabo isipoe mwendo dereva akiachia mguu. Barabarani haina kazi yoyote.

Mafundi wetu, mwambieni mteja ukweli. Kubadilisha sailensa ya nyuma peke yake kunaongeza kelele, nguvu ni kidogo sana. Anayetaka nguvu anaanzia kwenye bomba linalotoka kwa tabo, na kompyuta ya injini ipangwe upya, la sivyo presha inaweza kupita kiasi na injini ikafa.

Tena Kenya ina kanuni za kelele tangu 2009. Lakini sisi tuna sababu yetu kubwa zaidi. Wengi hapa tulikimbia milio inayofanana na hiyo. Gari likilipua usiku, kuna mama anawavuta watoto chini ya kitanda kabla hajakumbuka yuko wapi. Gari tunalipenda, na kazi tunaihitaji. Ila pa! pa! tusiifunge, hata mteja akiongeza pesa.