Ulimi wa Nyoka Mbele ya Kamera

Kijijini kwetu magharibi mwa Kenya, nyoka akitoa ulimi watu huona silaha. Nikiwa kidato cha pili, mjomba wangu aliua kwa jembe nyoka mdogo wa kahawia, mla panya asiye na sumu, akatueleza kuwa ulimi ule ulikuwa ukitafuta mtu wa kudunga.

Mjomba hakuwa wa kwanza kukosea. Aristotle aliandika kwamba ulimi uliogawanyika humpa nyoka ladha maradufu. Katika karne ya 17, Hodierna wa Sicily alidhani nyoka husafishia pua. Ni mwaka 1994 ambapo Kurt Schwenk, katika jarida la Science, alieleza kwamba ncha mbili hukusanya harufu pande mbili kwa wakati mmoja. Nyoka hulinganisha kulia na kushoto, akajua mawindo yameelekea wapi.

Sababu moja ya makosa hayo ni kwamba jicho halifuati ulimi unaopepea upesi namna ile. Kamera za mwanzo nazo hazikusaidia. Picha za Daguerre za mwaka 1839 zilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo nyoka angetoka bila ulimi kabisa! Mambo yalibadilika miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT, Marekani, alipotumia taa ya umeme inayowaka na kuzimika kwa muda mfupi mno. Kilichokuwa ukungu kikasimama.

Leo hata wanaofuga nyoka nyumbani hunasa ulimi huo. Kamera huwekwa usawa wa kichwa, hulengwa jichoni, nafasi ikaachwa mbele ya mdomo. Kisha picha hupigwa mfululizo, kila moja kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde au chini yake. Hakuna haja ya kumchokoza nyoka. Akiwekwa kwenye tawi asilolijua, ataanza mwenyewe kulinusa kwa ulimi.

Mimi nilijaribu kwa simu kwenye bustani ya nyoka ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1961, nikipiga picha kupitia kioo. Kati ya picha 41 za chatu, moja tu ilionyesha ulimi: ncha mbili nyembamba kama uzi, laini, zimejikunja kuelekea juu.

Nilimwonyesha mjomba. Aliivuta picha kwa vidole ikakua, akaitazama kwa muda.

"Sasa kama si huu," akauliza, "jino lenyewe liko wapi?"