Dantela ya Shetland: ufundi uliolipwa kwa chai

Blauzi ya dantela, ile pana na nyepesi inayovaliwa wakati wa joto, inaonekana kuwa nguo ya starehe tu. Lakini sehemu kubwa ya ufundi wake ilikomaa katika visiwa vya baridi na upepo, mikononi mwa wanawake ambao kwa miaka mingi walifuma bila kushika feza.

Visiwa hivyo ni Shetland, kaskazini mwa Uskoti. Wanaume walikuwa baharini wakivua samaki. Wanawake walilima, walichunga na kubeba mgongoni vikapu vya udongo mkavu wa kuwashia moto, na njiani mikono yao iliendelea kufuma. Kuanzia miaka ya 1830 na 1840, hasa katika kisiwa cha Unst, walijulikana kwa dantela ya sufu. Sufu iliyo laini zaidi ilitoka shingoni mwa kondoo, ikang'olewa kwa mkono bila makasi, kisha ikasokotwa nyumbani kuwa uzi mwembamba sana. Shali ya karibu mita 2 kila upande iliweza kupita ndani ya pete ya ndoa.

Siri ya matundu hayo ni hesabu. Mfumaji akizungusha uzi juu ya sindano, anaongeza kitanzi na tundu linafunguka. Ili nguo isizidi kupanuka, anafuma vitanzi viwili pamoja viwe kimoja. Akisahau mara moja, ua lote linapinda. Kazi ikiisha, inaoshwa, inavutwa na kubanwa kwa pini hadi ikauke. Hapo ndipo maua yanaonekana vizuri.

Mwaka wa 1837 Arthur Anderson, mzaliwa wa Shetland na mwenye kampuni ya meli, alimtolea Malkia Victoria zawadi ya soksi laini za kwao. Mwaka wa 1851 dantela ya Shetland ilionyeshwa London katika Maonyesho Makubwa. Sifa ilienea, lakini feza haikumfikia mfumaji. Mwenye duka alipokea shali na kulipa kwa chai, kitambaa au karatasi ya deni iliyotumika katika duka lake mwenyewe. Bei ya shali aliipanga yeye, na bei ya chai vilevile. Mama aliyehitaji unga alilazimika kuzunguka kwa majirani akitafuta wa kubadilishana naye chai.

Mwaka wa 1872 serikali ya Uingereza ilichunguza jambo hilo, na wafumaji wakatoa ushuhuda. Mwaka wa 1887 sheria ikakataza malipo ya namna hiyo. Hata hivyo desturi haikufa mara moja, kwa sababu mnunuzi aliyekuwa karibu alikuwa ni yuleyule mwenye duka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia askari wengi walipelekwa Shetland, wakanunua nguo kwa wafumaji wenyewe, kwa feza taslimu. Mfumaji alipopata mnunuzi wa pili, aliweza kutaja bei.

Kabla ya vita hivyo, katika miaka ya 1920 na 1930, maua ya shali yalikuwa yamehamia kwenye blauzi. Leo wafumaji wengi wanachukua uzi wa pamba au kitani na sindano nene kuliko kawaida ya uzi huo, ili vitanzi vilegee na hewa ipite.

Huku Kongo, ufumaji wa sindano mbili ulifundishwa na masista wa misioni na, zamani za Mbelgiji, katika vituo vya akina mama vilivyoitwa foyers sociaux. Anayefuma triko za watoto ili auze sokoni anajua hesabu ya vitanzi. Historia ya Shetland inamwongezea hesabu nyingine: gharama ya uzi, siku za kazi, na idadi ya wanunuzi anaoweza kuwafikia. Mwenye mnunuzi mmoja tu hupangiwa bei.