Vyeti Viwili: Walioanguka na Njia ya Kurudi katika Kanisa la Karthago

Kila mwaka inapofika tarehe 3 Juni, barabara zote za kuelekea Namugongo hujaa mahujaji, wengine wakiwa wametembea kwa miguu kutoka Kenya, Tanzania na Rwanda. Sisi tuliokulia Uganda, tuwe Wakatoliki au Waanglikana, tumeyajua majina ya mashahidi kabla ya kujua kusoma: Karoli Lwanga, Yusufu Mukasa Balikuddembe, Kizito. Walikuwa 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Ni historia ya watu waliosimama imara, na ninaipenda. Lakini kwa muda sasa nimekuwa nikijiuliza kuhusu watu wengine, wale ambao siku ya kujaribiwa walimwambia mtawala "ndiyo, bwana", wakarudi nyumbani wakiwa hai, kisha baadaye wakaja kubisha mlango wa kanisa. Hao hawana siku yao ya hija. Ili kuwachunguza vizuri itanibidi niende mbali na Namugongo, hadi Afrika ya Kaskazini katika karne ya 3, kwa sababu huko wametuachia maandishi.

Swali langu ni hili: kanisa lililowaheshimu mashahidi kuliko binadamu wote lilikubalije kuwapokea tena waliokana? Nimelisikia mara nyingi darasani jibu kwamba Mungu ni mwenye huruma. Hilo ni jibu la katekisimu, na silipingi. Ila kwa historia halitoshi, maana hata waliokataa kuwapokea walikiri kwamba Mungu ni mwenye huruma. Walichokibishia ni kama kanisa lina mamlaka ya kusema kwa niaba yake.

Mwishoni mwa mwaka 249 Decius alishika ukaisari wa Roma. Dola ilikuwa taabani: Wagothi walikuwa wakishambulia mpaka wa mto Danube, na makaisari walikuwa wakipinduana. Decius aliamini kwamba miungu imekasirika, na dawa ni wakazi wote wa dola kuitolea sadaka. Akatoa amri. Kila mtu afike mbele ya tume ya mji au kijiji chake, amimine kinywaji au afukize ubani, aonje nyama ya sadaka, kisha apewe cheti.

Vyeti hivyo vipo hadi leo. Mchanga mkavu wa Misri umevihifadhi zaidi ya arobaini, vimeandikwa kwa Kigiriki juu ya mafunjo. Kimojawapo, cha tarehe 26 Juni 250, ni cha mzee wa miaka 72 aitwaye Aurelius Diogenes, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Anasema kwamba siku zote ameitolea miungu sadaka, na kwamba sasa amefanya hivyo tena mbele ya tume kama amri inavyotaka, hivyo anaomba wathibitishe. Chini kuna sahihi. Cheti kingine ni cha mwanamke aliyekuwa kuhani wa Petesouchos, mungu wa mamba. Hapo nilicheka kidogo: hata kuhani wa kipagani alilazimika kupanga foleni ili athibitishwe kwamba anaabudu miungu! Lakini cheti hicho kinatufundisha jambo kubwa. Serikali haikumdai mtu amtukane Kristo, wala fomu yenyewe haikuuliza habari za Kristo. Ilidai tendo dogo tu na karatasi ya kulithibitisha. Nadhani udogo huo ndio uliowaangusha wengi. Ni rahisi kujitayarisha kwa simba kuliko kujitayarisha kwa karani.

Karthago, katika nchi tunayoiita leo Tunisia, Wakristo walianguka kwa makundi. Askofu wao Cyprian anaeleza kwa uchungu jinsi walivyokimbilia uwanjani wenyewe bila kukamatwa. Jua lilipokaribia kuchwa mahakimu waliwaambia warudi kesho, na wapo waliosihi wasiahirishwe. Wazazi walibeba hata watoto wachanga. Wengine walikuwa wajanja zaidi: hawakutoa sadaka kabisa, bali walimpa ofisa chochote wakapata cheti cha uongo. Hawa walijitetea kwamba mikono yao ni safi. Walitoa fedha, hawakutoa ubani.

Dhoruba ilipoanza kutulia, wakataka kurudi. Na hapa ndipo inapoingia karatasi ya pili, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote.

Kulikuwa na waungamadini, yaani Wakristo waliokataa kutoa sadaka na sasa walikuwa gerezani, wengine wamekwisha kufa kwa njaa na kiu. Iliaminika kwamba aliyeteswa kwa ajili ya Kristo ana neno mbele yake. Basi walioanguka wakaenda gerezani kuomba waandikiwe barua za amani. Mmoja wa wafungwa hao, Lucian, aliziandika kwa wingi kwa jina la shahidi Paulus, akidai kwamba Paulus alimwagiza hivyo kabla ya kufa. Barua nyingine hazikutaja hata idadi ya watu: zilisema tu kwamba fulani apokewe pamoja na watu wake. Cyprian alishtuka, maana "watu wake" wangeweza kuwa ishirini au thelathini, ndugu, wakwe, watumwa walioachwa huru na watu wa nyumbani. Mwishowe waungamadini wakatangaza kwamba wamewapa amani walioanguka wote.

Katika Kilatini karatasi zote mbili, ile ya serikali na ile ya gerezani, ziliitwa kwa neno moja: libellus. Mtu aliingia shimoni kwa cheti, akatarajia kutoka kwa cheti.

Ni rahisi kuwadharau, ila kuna barua moja inayonizuia. Celerinus, muungamadini wa Roma, alimwandikia Lucian huyo huyo kuwaombea dada zake wawili. Mmoja alikuwa ametoa sadaka. Mwingine alihonga ili asitoe, alipanda tu njiani kuelekea mahali pa sadaka kisha akashuka. Celerinus anasema amelia usiku na mchana, hata katika furaha ya Pasaka. Na hao dada hawakukaa tu wakingoja barua. Walikwenda bandarini kuwapokea waungamadini waliofukuzwa Karthago, watu 65, wakawatunza. Mtu aliyeshindwa kuteseka anawaosha miguu walioteseka. Sijui kama kuna toba iliyo wazi kuliko hiyo, na haikuandikwa kwenye cheti chochote.

Cyprian alikataa barua za jumla. Alisema suala hili lingoje mateso yaishe, maaskofu wakutane, na kila mtu apimwe kwa habari yake. Msimamo mzuri, ila ulikuwa na kasoro moja ambayo kila mtu aliijua: yeye mwenyewe alikuwa amejificha. Amri ilipotoka aliondoka mjini, akaliongoza kanisa kwa barua kutoka mafichoni kwa zaidi ya mwaka mmoja. Askofu wa Roma, Fabian, alikuwa ameuawa Januari 250, na mapadri wa Roma waliandika kuhusu mchungaji anayewaacha kondoo kwa namna ambayo Cyprian hakushindwa kuelewa ni nani anayesemwa. Asiyekuwepo na lake halipo. Kule Karthago baadhi ya mapadri waliompinga tangu alipochaguliwa wakaanza kuwapa walioanguka ekaristi papo hapo, bila toba, pamoja na shemasi Felicissimus. Nadhani wasomaji wengi wa Cyprian hawalipi jambo hili uzito wake. Aliyetakiwa kuamua habari ya waliokimbia msalaba alikuwa mtu ambaye nusu ya mji ulimwona kuwa naye amekimbia. Yeye hakukubali, alisema kuondoka kwa muda si kukana, na hoja yake ina nguvu. Lakini hakuwa na ule uhuru wa mtu asiyelaumiwa na yeyote.

Mwaka 251 alirudi, na maaskofu wa Afrika wakakutana Karthago. Waliamua kuwatofautisha watu. Walionunua cheti bila kutoa sadaka, baada ya kila mmoja kuchunguzwa, wangeweza kupokewa. Waliotoa sadaka wangefanya toba ndefu, na kupewa ushirika watakapokuwa karibu kufa. Hakuna aliyefungiwa mlango moja kwa moja, ila kwa wengine mlango uliwekwa mbali sana. Kwa macho ya leo uamuzi huu ni mkali. Kwa wakati ule ulikuwa hatua kubwa: Cyprian mwenyewe anakumbusha kwamba kabla yake kulikuwa na maaskofu wa Afrika waliokataa kabisa kuwapa wazinzi nafasi ya toba.

Huko Roma, Cornelius alichaguliwa kuwa askofu naye akafuata njia hiyo hiyo. Padri Novatian, msomi mkubwa, akakataa. Alisema aliyekana anaweza kutubu maisha yake yote na Mungu anaweza kumsamehe, lakini kanisa halina haki ya kumrudisha mezani. Akawekwa kuwa askofu wa upande wake, na kanisa likapasuka. Sioni kwamba Novatian alikuwa mtu mwenye roho mbaya. Hoja yake inaelekezwa kwa wajane wa mashahidi: kama anayekufa na anayeuza ubani wake wanakaa benchi moja Jumapili, kwa nini mume wangu alikufa? Sijaona Cyprian akilijibu swali hilo kikamilifu. Anachojibu ni jingine, kwamba hakuna atakayetubu kama hakuna tumaini la matunda ya toba. Ukimwambia mkulima alime lakini hatavuna, atatupa jembe. Hiyo ni hoja ya mchungaji, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoshinda, kwa sababu makanisa yalijaa wakulima wa namna hiyo. Wahenga wetu wa pwani walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila Novatian angeuliza ni nani aliyelivunja.

Aleksandria nako askofu Dionysius alipambana na suala hilo, akamwandikia mwenzake Fabius wa Antiokia, aliyeelekea kumwunga mkono Novatian. Badala ya hoja alimpa kisa. Mzee mmoja, Serapion, alikuwa ameishi vizuri miaka mingi, kisha akatoa sadaka. Aliomba mara nyingi apokewe, hakuna aliyemsikiliza. Akaugua, akapoteza fahamu siku tatu. Siku ya nne alizinduka akamtuma mjukuu wake amwite padri. Ilikuwa usiku, na padri naye alikuwa mgonjwa hawezi kutembea. Akampa mtoto kipande kidogo cha ekaristi, akamwagiza akilowanishe na kukitia kinywani mwa mzee. Mtoto akafanya hivyo. Mzee akameza, akakata roho. Huyu mtoto asiye na jina ndiye aliyebeba uamuzi wa kanisa la Aleksandria mkononi, gizani, na hakuna karatasi iliyoandikwa.

Huko Karthago sheria ya mwaka 251 haikudumu. Decius aliuawa vitani na Wagothi mwaka huo huo, na chini ya Gallus, aliyemfuata, dalili za mateso mapya zikaonekana. Maaskofu 42 wakakutana tena, na safari hii wakaamua kuwapa amani waliotubu wote mara moja, hata waliotoa sadaka. Sababu waliyotoa si kwamba dhambi ilikuwa ndogo kuliko walivyodhani. Walisema huwezi kumpeleka mtu vitani mikono mitupu: tunawatakaje wamwage damu kwa ajili ya Kristo ikiwa tunawanyima kikombe chake? Hapa ndipo napata jibu la swali langu. Nafasi ya pili haikutolewa kwa sababu shida imepita. Ilitolewa kwa sababu shida inakuja. Cyprian alikuwa na mfano wa kuwapa watu: Castus na Aemilius, ambao katika jaribu la kwanza walishindwa, wakakamatwa tena, na mara ya pili wakafa motoni bila kukana.

Wafuasi wa Novatian waliendelea kwa karne kadhaa. Mtaguso wa Nikea, mwaka 325, ulilazimika kuweka kanuni ya kuwapokea wakirudi, na kanuni nyingine ya walioanguka chini ya Licinius bila kulazimishwa: miaka 12 ya toba kwa hatua tatu. Mwanahistoria Socrates wa Konstantinopoli anasimulia kwamba Kaisari Constantine alimsikiliza askofu wao Acesius akieleza ukali wao, kisha akamshauri atafute ngazi apande mbinguni peke yake.

Na Cyprian? Mateso yalirudi kwa jina la Valerian. Mwaka 257 alipelekwa uhamishoni Curubis, mwaka uliofuata akarudishwa akakaa katika bustani yake Karthago. Marafiki walimshauri akimbie. Alijificha kwa siku chache tu, aliposikia kwamba anatafutwa apelekwe Utica, maana alitaka askofu afe katika mji wake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago, naye akarudi bustanini akangoja. Tarehe 14 Septemba 258 alihukumiwa, umati ukamfuata hadi uwanjani, na bila shaka miongoni mwao walikuwapo watu wenye vyeti vya miaka minane iliyopita. Alivua joho lake, akapiga magoti, akaagiza mwuaji apewe sarafu 25 za dhahabu.