Faker

Lee Sang-hyeok (amezaliwa Seoul, 7 Mei 1996), anayejulikana zaidi kwa jina la Faker, ni mchezaji wa kulipwa wa michezo ya kompyuta kutoka Korea Kusini. Anachezea timu ya T1 katika mchezo wa League of Legends. Ndiye mchezaji pekee aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huo mara sita.

Mchezo wenyewe

Timu mbili za watu watano hushindana kubomoa ngome ya wapinzani. Uwanja una njia kuu tatu. Faker hucheza katika njia ya kati.

Mwanzo

Alilelewa na baba yake pamoja na bibi yake. Aliacha shule ya sekondari kabla ya kuhitimu ili ajiunge na timu hiyo mwaka 2013, wakati huo ikiitwa SK Telecom T1. Mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 17, alikuwa bingwa wa dunia mjini Los Angeles. Alirudia ushindi huo mwaka 2015 na 2016.

Miaka ya kushindwa

Mwaka 2017 timu yake ilifungwa 3–0 na Samsung Galaxy katika fainali ya Beijing, naye akaonekana akilia jukwaani. Mwaka 2018 na 2020 haikufuzu kabisa kucheza mashindano ya dunia. Mwaka 2022 ilishindwa tena katika fainali, 3–2 dhidi ya DRX. Ingawa wachezaji wengi wa mchezo huu hustaafu wakiwa bado katika miaka ya ishirini, Faker hakuacha wala hakuhama timu.

Kurudi kileleni

Katikati ya mwaka 2023 alikaa nje ya mechi kadhaa kwa sababu ya maumivu ya mkono. Septemba alikuwa katika kikosi cha Korea Kusini kilichopata medali ya dhahabu kwenye Michezo ya Asia mjini Hangzhou. Kwa sheria za nchi yake, medali hiyo humwondolea mshindi utumishi wa kawaida wa kijeshi, ambao ni wa lazima kwa wanaume. Novemba, T1 iliifunga Weibo Gaming 3–0 mjini Seoul, na Faker akawa bingwa wa dunia tena baada ya miaka saba. Alitwaa taji hilo pia mwaka 2024 mjini London, alipochaguliwa mchezaji bora wa fainali, na mwaka 2025 mjini Chengdu.